Gari Limeganda, Halijagonga

Jamani, mimi ni dereva. Naanza na hilo ili tuheshimiane. Nimeendesha Fuso la machungwa kutoka Muheza hadi Dar es Salaam miaka minane, nimeteremka Kitonga na mzigo wa mbao usiku wa mvua, na kona za Soni nazijua kama viganja vyangu. Leo niko Minnesota, Marekani, mwezi wa Desemba, nyuzi 26 chini ya sifuri, na kigari cheupe cha mtumba, automatiki, chenye kiti cha kupasha makalio joto, kimenishinda kukitoa mlangoni.

Na nilichotaka ni safari moja tu. Krismasi kwa shemeji, Des Moines, jimbo la Iowa. Kilomita kama 390, barabara moja ya I-35, imenyooka kama uzi, haina hata tuta. Kwa dereva wa machungwa hiyo ni safari ya mahindi mawili ya kuchoma, umefika.

Alfajiri ya tarehe 23 nikatoka nilipashe moto, nilizungukie, nione kama linasafirika. Nikazungusha ufunguo. Likasema "nyeee". Nikazungusha tena. "Nye." Mara ya tatu likatoa "tsk" moja, kama mama mkwe anavyosonya ukichelewa msibani.

Nikampigia Mzee, Muheza. Msiniulize kwa nini. Mwanaume gari likimgomea humpigia baba yake, hata kama baba mwenyewe hajawahi kumiliki baiskeli yenye breki zote mbili. Kwangu ilikuwa saa moja asubuhi, kwake saa kumi jioni, amekaa barazani anajipepea kwa kipande cha boksi, nilikuwa nakisikia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona sauti inatetemeka?"

"Baridi, Mzee. Gari limeganda."

"Limegonga?"

"Limeganda!"

"Limemgonga nani?"

"Limeganda, baba! Barafu! Barafu!"

Akanyamaza kidogo. Boksi likaacha kupepea.

"Umegonga gari la barafu. Na mwenye barafu zake, mzima?"

Simu ikazima. Ilikuwa na chaji asilimia 40, lakini kwa baridi ile na simu nayo huzirai. Nikajisemea nitampigia nikitulia. Habari hiyo iwekeni kiporo.

Akatoka jirani yangu, Mkongomani wa Bukavu, mwaka wa kumi na mbili yuko hapa, amevaa kama mtu anayekwenda mwezini. Akalitazama gari. Akanitazama mimi na koti langu la harusi.

"Ndugu, hii mutokari ilisha kufa."

Akanieleza kwamba kwenye baridi ya namna hii betri hubakiwa na chini ya nusu ya nguvu zake, na wakati huohuo oili imekuwa nzito kama asali, kwa hiyo injini inadai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Yaani siku uliyoamka na homa ndiyo siku wanakutwisha gunia. Nikamwambia basi, tulisukume. Alicheka mpaka mvuke ukamtoka kichwani kama sufuria ya maharage. Kwanza automatiki haliwaki kwa kusukumwa. Pili, chini pale ni barafu tupu. Tungesukuma sisi tukarudi nyuma, gari likabaki palepale linatuangalia.

Akaleta waya za kubusti. Mimi Muheza nilikuwa nabusti kwa nyaya mbili za umeme wa nyumba na dua, nikazikamata nianze. Akanipiga kibao cha mkono. Nyekundu kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, halafu chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima. Ile ncha ya nne, alisema amenyanyua kidole, usiirudishe kwenye betri iliyokufa. Ishike kwenye chuma kitupu cha injini, mbali kidogo, kwa sababu betri inatoa gesi na cheche ikiifikia mtaanza kuulizana matanga ni lini. Likawaka. Mimi dereva wa Fuso, machozi yakanitoka, yakagandia njiani.

Gereji walipima betri, wakaniuliza ina miaka mingapi. Nikasema gari nililinunua nayo. Fundi akanitazama kwa huruma. Betri mpya ilikuwa dola 190; nikazigeuza shilingi kichwani, nikatafuta kiti. Kisha matairi. Mimi tangu Novemba nilikuwa nawashuku watoto wa ghorofa ya pili kwamba wananipunguzia upepo, nimewanunia hata kwenye lifti. Kumbe joto likishuka nyuzi kama tano na nusu tairi hupungua psi moja, bila mtoto yeyote kuligusa. Nilijaza 33 mwezi wa Julai tukiwa nyuzi 30, leo tuko 26 chini ya sifuri, na geji ikasoma 23. Nimerudi nimewapa wale watoto biskuti. Hawajui ni za nini.

Maji ya waipa ndiyo aibu yenyewe. Mimi tangu utoto wangu wa udereva naweka maji ya bomba na sabuni ya unga kijiko kimoja. Fundi alifungua boneti, akatoa tangi la maji limepasuka katikati, ndani yake kuna jiwe la barafu lenye povu, linanukia sabuni ya kufulia. Akawaita wenzake waje kuona. Kuna maji maalumu ya bluu yasiyoganda, dola chache tu galoni nzima. Hakuna aliyeniambia. Sawa, Mama Neema aliniambia. Tangu Oktoba.

Na hii nchi ina mambo ambayo ukisimulia nyumbani wanasema umeanza kuvuta. Usiku watu huziinua waipa zisigandie kwenye kioo, kwa hiyo ukichungulia dirishani unaona mtaa mzima wa magari yamenyoosha mikono juu kama yamevamiwa. Chumvi humwagwa barabarani kwa malori ili kuyeyusha barafu, chumvi ambayo ingepikia kata nzima mpaka Pasaka, halafu inakuja kula chasisi yako polepole, na baridi ikizidi sana nayo inagoma kazi. Magari ya kukwangua theluji yana majina, na wananchi huyapigia kura. Mwaka 2021 jimbo hili lilichagua Plowy McPlowface. Hapo tu ndipo nilipojisikia nyumbani. Daladala zetu zilianza zamani.

Jirani akasema buti lisiende tupu. Kwetu buti la safari lina spea, jeki na ile pembetatu ya kumwonyesha trafiki. Na gari likiharibika unakata matawi unayapanga barabarani, wenzako wanajua. Hapa matawi yapo, majani yamepukutika Oktoba. Badala yake unabeba koleo, mablanketi, tochi, mshumaa ndani ya kopo, maji, karanga, na mfuko wa ule mchanga wa paka kujisaidia. Ndiyo, wa paka. Unaunyunyiza chini ya tairi likiteleza. Nimesimama kwenye foleni ya duka na kilo kumi za choo cha paka, mtu mzima, sina paka, na dada wa kaunta akaniuliza kwa upole anaitwa nani. Nikasema anaitwa Fuso.

Pia tangi lisishuke chini ya nusu. Na mkikwama kwenye theluji, kabla ya kuacha injini ikiunguruma ili mpate joto, shuka ufukue bomba la moshi, la sivyo moshi unarudi ndani na mnalala usingizi wa moja kwa moja. Hilo jirani hakulisema kwa kucheka.

Kwa hiyo kufikia tarehe 24 gari lilikuwa na betri mpya, tangi jipya, oili mpya, waipa mpya na viatu vinne vya baridi. Mimi nilikuwa na raba za Karume. Kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni hatua kumi na tano. Nilianguka mara mbili, ya pili nikiwa na hotpoti la pilau. Hotpoti lilidakwa na Neema. Mimi hakunidaka mtu.

Njiani nilijitahidi kuwa mnyenyekevu. Tulipita mapikapu makubwa yamelala mtaroni mikia juu, moja baada ya jingine, maana mwenye fo-wili husahau kwamba inamsaidia kuondoka, kusimama haimsaidii kitu. Nikacheka kidogo. Ndipo tukafika kwenye daraja. Daraja huganda kabla ya barabara, upepo unalipiga juu na chini, na barafu yake huioni, unadhani ni lami iliyolowa. Usukani ukawa mwepesi mkononi kama wa gari la makopo. Mwalimu wangu Tanga alinifundisha pampu breki, pampu breki. Mguu wangu ukaenda wenyewe, na pedali ikaanza kunitetemekea chini ya soli kama inanipigia simu. Kumbe breki za kisasa zinajipampu zenyewe, wewe unatakiwa utulie. Nikaondoa mguu kila mahali. Nikatazama kule ninakotaka kwenda, siyo mtaroni. Gari likaenda ubavu kama bibi harusi anayeingia ukumbini, likafikiri, likarudi kwenye mstari.

Mama Neema, ambaye hunyamaza akilala tu, alinyamaza kilomita sitini.

Tulifika Des Moines saa kumi alasiri. Shemeji akatufungulia mlango. Hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, shemeji. Na yule mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

"Yule wa gari la barafu."

Nikatoa simu. Kundi la ukoo nililizima sauti tangu mchango wa sendi-ofu ya Novemba. Ujumbe 214. Mzee alitangaza jioni ileile kwamba nimegonga mtu na simu imekatwa na askari. Ba'mdogo akaonya nisipigiwe, maana aliye mahabusu akipigiwa simu anaongezewa kesi. Shangazi wa Korogwe ameahidi mbuzi. Mchango wa fidia umefika shilingi 145,000, mhazini anauliza Marekani fidia hutumwa kwa njia gani. Na mchungaji alishaniombea ibada ya asubuhi, kwa jina, mbele ya watu wote, mimi na majeruhi.

Sebule nzima ilikuwa inanisubiri, mpaka watoto. Mama Neema akanikanyaga mguu, na kwa raba zile nilimsikia vizuri sana.

"Anaendelea vizuri," nikasema. "Wamembadilishia betri."