Mjane ana eda, mgane ana nini?

Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Kama ni mjamzito, mpaka ajifungue. Mtaa mzima unajua. Hatoki ovyo, hajipambi, na hakuna anayethubutu kumpelekea posa. Mwanamume akifiwa na mke anakaa na watu kwenye majamvi siku 3, hitima inasomwa, matanga yanaanuliwa, vijana wanafungua turubai. Basi. Akiwa ameajiriwa hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa kufiwa na mwenza, na wako waajiri wasioongeza hata moja.

Sisemi eda ni mteremko. Ziko familia zinazoigeuza kifungo, na wako mashemeji wanaomaliza kuhesabu mali kabla mjane hajamaliza kuhesabu siku. Ila ina busara moja: inakiri kwamba msiba una muda wake, na inawabana watu wengine wauheshimu. Mgane hana kitu cha namna hiyo. Nadhani ndiyo sababu wanaume wengi wanaishia kwenye pombe, au kimya, au ndoa ya haraka isiyomtendea haki mke mpya.

Baba mdogo alipofiwa, wazee walimwambia ajikaze, ana watoto. Matanga hayajapoa, akaanza kuulizwa nani atampikia. Chakula hakikuwa shida, majirani walileta. Shida ilikuwa yale yote aliyoyajua mama mdogo peke yake. Kadi ya kliniki iko wapi? Huyu wa mwisho anapewa dawa gani kifua kikimbana? Mwenye genge anadai kiasi gani?

Kisha wakaja wanawake wa kikoba na daftari lao, kumkabidhi hisa za marehemu. Walikaa hadi jioni wakisimulia alivyokuwa akiwatoza faini wachelewaji bila huruma, hata mashoga zake wa karibu, na vituko vyake siku za kuvunja kikoba. Baba mdogo alicheka sana, halafu akalia mbele yao, mtu mzima na ndevu zake. Baadaye aliniambia kwamba tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amemtajia mkewe kwa jina.

Sisi wanaume ndio wabaya zaidi hapo. Mfiwa akifika barazani, mazungumzo yanahamia Simba na Yanga, eti tusimkumbushe. Kwani amesahau?

Hata wataalamu hawana haraka kama yetu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika mwaka 2022, hauyahesabu majonzi kuwa maradhi mpaka yapite walau miezi 6, yazidi kawaida ya jamii na dini ya mfiwa, na yamzuie kuendesha maisha yake. Kwa hiyo mwanamume anayelia mwezi wa pili hana kasoro yoyote. Ila akiacha kula, halali usiku, au anasema heri naye afe, msihesabu miezi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Sidai wagane wakae eda. Nataka lile kundi la WhatsApp la msiba, ambalo hufa mara tu hesabu ya rambirambi ikishasomwa, libaki hai angalau mpaka arobaini, na watu wapangiane zamu: huyu Jumamosi hii, yule ijayo. Ukienda, achana na pole za kukariri. Muulize alikutana wapi na marehemu, kisha nyamaza umsikilize. Kabati la nguo za marehemu mfungulie akiwa tayari. Kama bado, liacheni lilivyo. Na habari ya kuoa, mwacheni aianze mwenyewe.