Gari Lisilokula Mafuta

Ndugu zangu, naomba nielezwe na yeyote anayeelewa: inakuwaje katika jiji hili la Mwanza kila mwenye gari anajua lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, ilhali sijawahi kumwona hata mmoja wao akijaza tangi?

Mimi ni mwalimu, nina shilingi milioni nane na nusu pamoja na deni la chama cha akiba na mikopo, naishi mlimani Bugarika na kufundisha Igoma, na ninatafuta gari dogo, imara, lisilokula mafuta. Nilipomwuliza jirani yangu mwenye Vitz, hakusita: "Mwalimu, hili halili, hili linanusa tu. Lita moja, kilomita ishirini na mbili." Nikamwuliza alipimaje. Akasema huweka mafuta ya elfu kumi siku ya Jumatatu, na taa ikiwaka huongeza mengine ya elfu kumi. Nikamweleza kwa upole kwamba kipimo chenyewe ni hesabu ya darasa la tano: unajaza tangi mpaka juu, unaandika kilomita, unatembea siku kadhaa, unajaza tena, kisha kilomita ulizotembea unazigawa kwa lita zilizoingia mara ya pili. Jirani akanitazama kama mtu aliyeombwa avue shati sokoni. Na kwa kweli ninamwelewa, maana hata gari dogo hubeba lita 40 na ushee, na lita ikiwa shilingi 3,000 hapo pametoka laki na ishirini kwa mkupuo. Kwa hiyo wengi wetu tunaendesha huku taa ya njano ikiwaka mwaka mzima, na pampu iliyomo ndani ya tangi, ambayo hupozwa na mafuta yale yale tusiyoyaweka, inaungua, halafu tunasema magari ya siku hizi si imara.

Bei nayo haingoji mtu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na kwa kuwa mafuta yanayoshushwa Dar es Salaam husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kutufikia, sisi wa ziwani huongezewa na nauli yake. Isitoshe, tangu mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa na badala yake kukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Maana yake ni kwamba mimi, kwa kibatari changu cha siku umeme unapokatika, nimekuwa nikichangia leseni za magari ya watu kwa miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kunipa lifti.

Shemeji yangu, ambaye mchango wake katika ununuzi huu ni ushauri mtupu, anataka ninunue Mark X. "Shemeji, gari ni heshima," anasema. Nikachukua chaki. Kwenda na kurudi kazini, pamoja na kona za sokoni, ni kama kilomita 30. Gari la kilomita 15 kwa lita litanila shilingi 6,000 kwa siku. La silinda sita, kama hiyo Mark X, linalopata kilomita 8 katika milima hii litanila 11,250. Kwa siku 22 za kazi tofauti ni shilingi 115,500 kila mwezi. Shemeji akaitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu, kisha akauliza kama Mark X hiyo itakuwa nyeusi au ya fedha.

Mke wangu, Mama Neema, yeye hataki Vitz ya injini ya lita moja, na hapa nakiri ana hoja. Injini ndogo hubana matumizi ikiwa na mtu mmoja kwenye lami tambarare, lakini ukiipakia watu watano na kuipandisha Bugarika inanguruma kwa gia ya kwanza na kula kuliko IST ya injini ya lita 1.3 inayopanda bila kulalamika. Tena kwao ni Sengerema. Zamani foleni ya kivuko cha Busisi ilikuwa kisingizio halali cha kutokwenda ukweni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ziwa linavukwa kwa dakika chache, na safari ya kurudi ni ya magunia ya mpunga, michembe na angalau shangazi mmoja anayekwenda kutibiwa Bugando. Uzito huo hakuna aliyeujumlisha katika zile kilomita ishirini na mbili.

Fundi wangu wa Nyakato ana sharti moja tu: nisimpelekee injini ya D4. Injini hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa, hivyo inataka mafuta safi na vifaa maalumu vya kupimia. Yeye ana spana, bisibisi na imani. Kwake, gari imara ni lile ambalo spea yake inapatikana kabla chai haijapoa.

Kuagiza Japani nilikufikiria, ila gari likizidi umri wa miaka 8 linaongezewa ushuru, na ninayoyaweza kwa fedha yangu yote yamekwishakula chumvi. Ndiyo nikaangukia kwa dalali, aliyenionyesha IST huku akipapasa kibao cha namba. "Mkuu, hii ni namba E! Mpya!" Nikamkumbusha kwamba herufi hiyo inaonyesha lilisajiliwa lini hapa nchini, na kwamba IST za umbo hilo ziliacha kutengenezwa mwaka 2007. Akahama haraka: lilikuwa la mama mmoja mstaafu, akienda nalo kanisani tu. Nikafungua buti, na harufu ya dagaa ikanipokea kwa namna iliyonijulisha kwamba kanisa hilo liko soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Paka wawili walikuwa wamekwisha kusogea.

Injini, hata hivyo, ilikuwa tulivu, nami nikatoa sharti langu: tujaze tangi, twende Usagara na kurudi, tujaze tena, tugawanye. Dalali akashika kichwa. "Mzee wangu, gari hili halijawahi kujazwa tangu lifike Mwanza. Tukilijaza leo tutalishtua." Akaongeza kwamba nikisisitiza, mafuta nilipie mimi. Nikamjibu sawa, mradi nisiponunua niruhusiwe kuyanyonya yaliyobaki kwa mpira na kuondoka nayo kwenye dumu. Amesema atamwuliza mwenye gari. Dumu ninalo tayari. Mpira ameahidi kuniazima shemeji.