Mynarski: alikufa bure au la?

Kila stori ya Andrew Mynarski ikitajwa lazima atokee mtu aulize, sasa huyu jamaa si alikufa bure? Swali linauma ila sio la kijinga hata kidogo, kwa hiyo kwanza niwape stori wale wasiomjua halafu tuligeuzegeuze.

Mynarski alizaliwa Winnipeg, Canada, mwaka 1916, wazazi wake wahamiaji wa Kipoland. Baba alifariki Mynarski akiwa na miaka 16 hivi, ikabidi aingie kazi ya kukata ngozi kwa fundi wa makoti ya manyoya ili nyumbani kuliwe. 1941, vita ya pili ya dunia ikiendelea, akajiunga na jeshi la anga la Canada, na mwisho wa siku akajikuta kikosi cha 419, kambi ya Middleton St. George kaskazini mwa Uingereza, kazi yake ni bunduki ya mgongoni kwenye Lancaster, lile dude la injini nne la kubeba mabomu, watu saba ndani. Bunduki ya mkiani alikaa Pat Brophy, mshkaji wake kabisa. Brophy alikuwa ofisa na Mynarski kwa muda mrefu alikuwa chini yake kicheo, basi wakiachana usiku kwenda kulala Mynarski alikuwa anampigia saluti ya utani, "usiku mwema, afande".

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, wiki moja tu baada ya majeshi ya washirika kutua Normandy, wakatumwa kupiga yadi za reli za Cambrai, Ufaransa. Ndege ya Kijerumani aina ya Ju 88 ikawatandika kutoka nyuma, injini mbili za kushoto zikazima, moto ukawaka, rubani Art de Breyne akaamuru watu waruke. Mynarski alishafika mlangoni. Parachuti anayo, mlango uko wazi, akitoka hapo kapona. Akageuka kuangalia nyuma akamuona Brophy kanasa kwenye kile kibanda chake cha bunduki, mfumo wa haidroliki unaokizungusha umekufa, na ule mpini wa kukizungusha kwa nguvu za mtu ulishamkatikia mkononi. Mynarski akatambaa kwa magoti kupita kwenye moto, mafuta ya haidroliki yamemlowa nguo zikashika moto kuanzia kiunoni kwenda chini, akapiga shoka, shoka likagoma, akaanza kuvuta kwa mikono mitupu. Brophy akawa anampungia aondoke. Mwishowe akarudi kinyumenyume kupita kwenye ule ule moto, macho kwa rafiki yake, akafika mlangoni akasimama, akapiga saluti, na Brophy anasema midomo aliiona ikisema usiku mwema, afande. Akaruka huku anawaka. Wafaransa walimkuta chini kaungua vibaya mno, akafariki.

Na Brophy je? Ndege ilianguka bado ina mabomu, kibanda kikang'oka kikamrusha nje, akainuka mzima. Wote sita wakapona, aliyekufa ni yule mmoja aliyerudi.

Hapo ndipo wanaosema alikufa bure wanaposhikilia, na hesabu yao ni rahisi, angeruka mara moja wangepona saba. Hesabu hiyo haina kosa, ila mi naona imefanywa na mtu anayejua mwisho wa stori. Pale ndani ya ndege hakuna aliyejua kwamba kubaki kwenye mkia kutakuwa salama kuliko kuruka, jambo la ajabu vile nani angelitabiri? Alichokijua Mynarski ni kwamba rafiki yake anakwenda kufa na yeye ana dakika chache. Mtu unampima kwa alichokiona wakati ule.

Kuna hoja nyingine ngumu zaidi ambayo watu hawaipi nafasi, shahidi ni mmoja tu. Victoria Cross, medali ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza ambayo Mynarski alipewa, kwa kawaida inataka watu walioshuhudia, mfano Nigel Leakey wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) aliyevirukia vifaru vya Waitalia kule Colito, Ethiopia, 1941, yeye alionwa na wenzake mchana kweupe. Ya Mynarski yote inasimama kwenye maneno ya Brophy, ambaye alijificha kwa wapiganaji wa siri wa Kifaransa na akafika London Septemba 1944, na wenzake walikuja kujua kilichotokea kule nyuma baadaye alipokutana nao. De Breyne akafuatilia, medali ikatangazwa Oktoba 1946. Mtu mwenye shaka ana haki ya kuuliza. Ila zile nguo zilizoungua Wafaransa waliziona, na Brophy hakuwa na cha kupata kwa kutunga, stori yenyewe inamuweka yeye kama mtu ambaye mwenzake alikufa kwa ajili yake.

Sasa lile zito. Hizi ndege kazi yake ilikuwa nini? Ndio hizi hizi zilizochoma Hamburg 1943 na Dresden 1945, watu elfu kwa maelfu, wengi wao raia, na hata kupiga reli za Ufaransa kuliua Wafaransa ambao ndio walikuwa wanakombolewa. Upande wa pili, kati ya vijana kama 125,000 walioruka na ndege za mabomu za Uingereza 55,573 walikufa, karibu nusu, na kabla ya 1944 Uingereza haikuwa na njia nyingine kubwa ya kuipiga Ujerumani yenyewe, tena bila mabomu hayo mizinga iliyokuwa inalinda miji ya Kijerumani ingekuwa inawachapa Warusi. Pande zote mbili zina ukweli, na anayekwambia ni jambo jepesi huyo hajakaa nalo.

Ninachokataa mimi ni kumtumia Mynarski kama pazia. Mwaka 2007 makumbusho ya vita ya Ottawa yalikuwa na bango linalosema thamani na uhalali wa ile kampeni ya mabomu bado vinabishaniwa, maveterani wakaja juu, suala likafika hadi Seneti na bango likaandikwa upya. Nawaelewa wazee wale, wamezika wenzao halafu unawasomesha ukutani kwamba waliua raia, inachoma. Lakini lile bango halikusema uongo. Kurudi kwenye moto kumfuata rafiki ni jambo la mtu mmoja na mwenzake, halihalalishi Hamburg, na Hamburg nayo hailifuti.

Kule Hamilton, Ontario, kuna Lancaster inayoruka mpaka leo, imepakwa herufi VR-A za ndege yake na imepewa jina lake. Jina likae pale pale. Na lile bango la kwanza la Ottawa, kama ningeulizwa mimi, ningeliacha ukutani.