Kijiko Kirudi Mkononi mwa Mgonjwa

Wiki iliyopita, wakati wa kukabidhiana zamu ya asubuhi, muuguzi kijana ambaye ninamheshimu sana kwa bidii yake aliwaambia wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo kwamba nadharia za uuguzi ni za kujibia mtihani tu, na kwamba ukishakabidhiwa wodi yenye wagonjwa thelathini utazisahau zote kabla ya mwezi kwisha. Wanafunzi walicheka, na mmoja wao akafunga daftari lake. Mimi niliumia, kwa sababu maneno hayo yalisemwa hatua chache tu kutoka kitanda cha mzee mmoja ambaye alikuwa akiteseka kwa kukosa hicho hicho tulichokuwa tunakidharau.

Mzee huyo alilazwa kwa kiharusi kilicholegeza upande wake wa kushoto. Nilipofungua jalada lake nilikuta mpango wa huduma ya uuguzi umeandikwa siku sita mfululizo kwa sentensi moja: mgonjwa hajiwezi, ahudumiwe. Tarehe zilibadilika na saini zilibadilika, lakini sentensi ilibaki ile ile. Pembeni ya kitanda, bintiye, ambaye hufika alfajiri na chupa ya uji, alikuwa akimlisha kijiko kwa kijiko kwa upole wa kugusa moyo, huku mkono wa kulia wa mzee, mkono mzima usio na hitilafu yoyote, umelala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa.

Nani alisema hajiwezi? Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani ambaye maandishi yake yalichapishwa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1960, alieleza kazi yetu kwa namna ambayo kila aliyepita chuo cha uuguzi ameikariri: kumsaidia mtu, awe mgonjwa au mzima, kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa yanayohitajika, na kumsaidia kwa namna itakayomrudishia uwezo wa kujitegemea mapema iwezekanavyo. Tunayakariri maneno hayo, tunapata alama, kisha tunaingia wodini na kuandika “hajiwezi”, neno ambalo halisemi kilichopungua ni nguvu, ni nia, au ni maarifa. Hayo ni mapungufu matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Nilivuta kiti nikakaa. Katika mazungumzo ya dakika kumi hivi niligundua kwamba nguvu ya kushika kijiko mzee alikuwa nayo. Kilichompungukia ni nia, kwa kuwa siku ya pili tangu alazwe alimwaga uji kifuani mbele ya wakwe zake waliokuja kumjulia hali, na tangu hapo aliona aibu kujaribu. Aliyepungukiwa na maarifa alikuwa bintiye, ambaye hakuna mtu aliyemwambia kwamba kumfanyia baba yake kila kitu kungemchelewesha kupona. Akaniambia pia, kwa sauti ya chini, “Sista, Baba hajaswali tangu tumefika hapa, anaona haya kuwaomba maji ya udhu.” Katika orodha ya Henderson ya mahitaji 14, kuabudu kwa mujibu wa imani ya mtu ni hitaji la 11, tena limewekwa pamoja na kupumua, kula na kulala. Siku sita tulikuwa tumepita kitandani pale na mashine ya presha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Tulimwinua, tukamwegemeza kwenye mito hadi akakaa wima. Kwanza nilimpa maji kijiko kimoja cha chai na kusikiliza kama atakohoa au sauti yake italowa, kwa maana mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa chakula kinaweza kumwingia mapafuni. Alimeza vizuri. Nikaweka bakuli upande wa kulia, nikampa kijiko. Mkono ulitetemeka, na uji wa kwanza uliishia kwenye shuka. Bintiye alinyoosha mkono haraka kumsaidia, nami nikamshika kifundo taratibu, nikamwomba asubiri. Kijiko cha pili kilifika nusu. Cha tatu kilifika mdomoni, na mzee akamtazama binti yake kabla hata ya kumeza.

Wanafunzi wapendwa, hiyo ndiyo nadharia ya Orem mliyoicheka. Dorothea Orem, muuguzi mwingine wa Marekani, katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1971, alisema kwamba yuko mgonjwa ambaye muuguzi humfanyia yote, kama aliyepoteza fahamu. Yuko ambaye kazi inagawanywa kati yake na muuguzi. Na yuko ambaye anahitaji kuelekezwa na kutiwa moyo tu, mikono ifanye kazi yenyewe. Mzee wetu alikuwa wa kundi la pili na tulimhudumia kama wa kundi la kwanza, na tungeendelea hivyo mpaka mkono mzima nao ungezoea kulala. Kumfanyia mtu anachoweza kufanya mwenyewe kunaonekana ni huruma, lakini kunampokonya uwezo ambao ugonjwa wenyewe ulikuwa umemwachia. Sijui namna nyingine ya kulitambua hilo kitandani isipokuwa kwa kuwa na nadharia kichwani kabla hujafika.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa thelathini hana dakika kumi za kukaa na kila mmoja, na kwamba fomu ndefu za mpango wa huduma zimetungwa kana kwamba ana wagonjwa wanne. Hilo ni kosa la mgawanyo wa watumishi, na wanaopanga ikama wanapaswa kuambiwa waziwazi. Hata hivyo uchache wetu ndio unaonifanya nizitake nadharia hizi zaidi, kwa sababu katika hospitali zetu ndugu wa mgonjwa ndiye anayeogesha, anayelisha na anayegeuza, na asipofundishwa na muuguzi atafanya kwa mapenzi mambo yanayodhuru. Orem hakumsahau ndugu huyo. Naye alimtaja anayemhudumia mtu anayemtegemea kuwa sehemu ya huduma. Dakika kumi nilizokaa na binti yule zilimpunguzia muuguzi wa zamu iliyofuata kazi ya siku nzima.

Wapo watakaosema kwamba nadharia hizi ni za Wamarekani na hazilingani na maisha yetu. Madeleine Leininger, muuguzi Mmarekani, alijenga nadharia nzima juu ya hoja kwamba huduma isiyojua utamaduni wa mgonjwa haijakamilika, na maji ya udhu yale ni ushahidi wa kutosha. Florence Nightingale alihimiza hewa safi na mwanga katika karne ya 19, na madirisha ya wodi yetu yalikuwa yamefungwa asubuhi ile. Hildegard Peplau, mwaka 1952, aliweka uhusiano wa muuguzi na mgonjwa katikati ya kazi yetu. Mzee yule hakuwa anajua jina la muuguzi hata mmoja.

Ninachowaomba walimu wenzangu ni kubadilisha maswali. Tuache kuuliza dhana kuu nne za uuguzi ni zipi, kwa sababu mtu, mazingira, afya na uuguzi ni maneno ambayo hata asiyeelewa anaweza kuyakariri usiku mmoja. Tumpeleke mwanafunzi kitandani, tumpe jalada lenye neno “hajiwezi”, tumwambie alifute na kuandika mistari mitatu badala yake: mgonjwa huyu anaweza nini leo, amepungukiwa na nini hasa kati ya nguvu, nia na maarifa, na kesho nani ataondoa mkono wake ili mgonjwa atumie wa kwake. Atakayeiandika mistari hiyo kwa usahihi nitampa alama zote, hata kama amesahau mwaka wa Orem.