Asilimia 21 na Hukumu Dhidi ya Mswaki wa Mkono

Mjadala wa kuchagua kati ya mswaki wa kawaida, mswaki wa umeme wenye kichwa kinachozunguka na ule wa mtetemo wa kasi unaoitwa soniki mara nyingi huegemea takwimu moja, asilimia 21, inayotajwa kama ushindi wa mswaki wa umeme dhidi ya wa mkono. Imetoka katika tathmini ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua kwa pamoja matokeo ya majaribio ya kitabibu, iliyokusanya majaribio 56 yaliyolinganisha miswaki ya umeme na ya mkono. Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini mnunuzi hutajiwa nusu yake tu.

Kilichopungua kwa asilimia 21 si meno yaliyooza wala yaliyong'olewa, bali ukoga, yaani utando wa vijidudu unaoganda kwenye meno. Katika kipimo kilichotumika, meno hupakwa rangi, kisha mchunguzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 5 kwa kutazama sehemu ya jino iliyobaki na utando. Mtu mwenye wastani wa alama 2 angeshuka hadi karibu 1.6. Matokeo hayo, ambayo ni ya matumizi ya zaidi ya miezi 3, yanategemea majaribio 14 tu yenye washiriki 978. Kabla ya hapo tofauti ilikuwa asilimia 11, na kwa uvimbe wa fizi ilianzia 6 ikafika 11. Watafiti wenyewe waliandika kwamba haijulikani tofauti hizo zina uzito gani kwa afya ya kinywa, na maneno hayo ndiyo yaliyostahili kumfikia mnunuzi kabla ya takwimu yenyewe.

Mswaki wa umeme una haki yake. Mzee ambaye vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, mgonjwa aliyepooza mkono baada ya kiharusi, na mlezi anayemsafisha kinywa mtu asiyejiweza wote hupata msaada wa kweli, na kwao ningeushauri bila kusita. Kipima muda chake humzuia mwenye haraka asiache kabla ya dakika 2. Upo pia utafiti wa Ujerumani uliofuatilia watu wazima kwa miaka 11 na kuona kuwa watumiaji wa umeme walipoteza meno machache zaidi, kwa takriban moja ya tano. Ila watu hao walijichagulia mswaki wenyewe, na anayeweza kuununua huenda pia anamwona daktari wa meno mara nyingi zaidi.

Kuhusu soniki, mapigo zaidi ya 30,000 kwa dakika yanavutia kuyasikia, lakini tathmini nyingine ya Cochrane, ya mwaka 2010, ilionyesha kwamba vichwa vya kuzunguka huku na huku viliizidi kidogo miswaki inayotikisika upande kwa upande.

Mswaki wa mkono, kwa upande wake, hulaumiwa kwa makosa ya matumizi. Wengi huchagua wenye nywele ngumu wakiamini kuwa ugumu ndio usafi, kisha husugua kwa nguvu hadi fizi zinarudi nyuma na mizizi ya meno inabaki wazi. Wenye nywele laini, ukielekezwa kwa pembe ya nyuzi 45 kwenye mpaka wa jino na fizi na kuzungushwa taratibu kwa dakika 2, asubuhi na usiku, hufanya kazi yote inayotakiwa. Tena kinachozuia meno kuoza ni hasa floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno, ambayo mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Floraidi hiyo hufika kwenye jino kwa mswaki wowote.

Kwa hiyo hesabu ya familia isiishie kwenye bei ya mashine. Kila mtu nyumbani anahitaji kichwa chake, nacho hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi, sawa na mswaki mzima wa kawaida ambao gharama yake ni ndogo mno kuliko ya kichwa kile. Ikiwa gharama hiyo itawafanya watoto watumie kichwa kilichochakaa kwa mwaka mzima, au wapunguziwe dawa ya meno yenye floraidi, watakuwa wamepata ulinzi pungufu kuliko ule waliokuwa nao kwa mswaki wa mkono.