Risasi haingoji cheti cha mimba

Mwaka 1982 Johnson Controls, watengenezaji wa betri Marekani, walipiga marufuku: mwanamke anayeweza kuzaa asifanye kazi penye vumbi la risasi, ile metali ya ndani ya betri. Aliyetaka kubaki alete cheti cha daktari kwamba hazai. Mmoja alikwenda kufunga kizazi ili asipoteze kazi. Mwingine, mtalaka wa miaka 50, alihamishwa na kipato kikapungua.

Ni rahisi kuwalaani, lakini hofu yao haikuwa ya kubuni. Mwili huipokea risasi kama kalsiamu, huihifadhi mifupani, nayo hukaa humo miaka na miaka. Mimba ikiingia, mifupa hutoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, na ile risasi iliyolala hutoka nayo, huvuka kondo la nyuma. Kwa hiyo fundi anayehama idara siku anapoona mistari miwili kwenye kipimo amekwisha chelewa. Hapo kampuni ilikuwa na hoja, na jibu jepesi silioni.

Ila ilichagua mwili wa kuulinda. Kwenye kesi iliyofunguliwa kupinga marufuku hiyo alikuwamo mwanamume aliyeomba likizo risasi ipungue damuni kabla hajatafuta mtoto. Akanyimwa! Risasi huharibu mbegu za kiume pia, na vumbi la ovaroli humfuata baba hadi nyumbani, likamkuta mtoto anatambaa mkekani. Machi 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema uamuzi juu ya watoto wajao ni wa wazazi, si wa mwajiri.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mjamzito kupewa kazi ya kuhatarisha afya yake au ya mtoto. Sawa, lakini ulinzi huo unaanza mimba ikishajulikana. Viungo vya mtoto huanza kuumbika ndani ya wiki chache za mwanzo, na mwenye mkataba wa miezi mitatu haendi kumwambia msimamizi wa zamu. Ananyamaza mpaka zipu ya ovaroli ikatae kupanda.

Kanuni ya risasi ya Marekani ya 1978 ilitazama damu, si jinsia: kipimo kikizidi kiwango, mfanyakazi anaondolewa kwenye vumbi na mshahara wake haukatwi. Wenye viwanda watasema ni gharama, na kwa karakana ndogo kweli ni gharama. Lakini Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, Kenya, ambako betri chakavu ziliyeyushwa jirani na nyumba za watu, mahakama iliagiza mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, aliwahi kuajiriwa kiwandani humo. Mwanawe mchanga alikutwa na risasi damuni.

Binti yangu akiniuliza, nitamwambia apime damu kabla ya kutafuta mtoto, na ikizidi aondoke kwenye vumbi. Aondoke na mshahara wake. Na mumewe akapime pia.