Jembe hawaku—

Najua shemeji ameshawarushia ile klipu. Ila ameikata mwanzo kwa makusudi, msione jinsi nilivyokuwa mwongoza watalii wa maana.

Jumamosi tulikuwa Glen Coe, Uskoti, tukipanda kwenda Coire Gabhail. Ni bonde lililojificha, mdomo wake umezibwa na mawe ya maporomoko, na ndimo ukoo wa MacDonald walimoficha ng'ombe, wakiwemo wa wizi. Njiani kuna kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe. Mimi mbele, raba za mtumba, mfuko wa sambusa 40 mkononi. Nikasimama juu ya jiwe, nikawageukia. Nilikuwa nimefika patamu.

"Mzee MacIain, chifu wao, alitakiwa kuapa utii kwa Mfalme William kabla ya Januari 1, 1692. Desemba 31 akatokea Fort William. Akaambiwa, mzee, hapa sipo, nenda Inveraray!" (Mliowahi kuzungushwa ofisini, mnanielewa.) "Kwa theluji ile akaapa tarehe 6. Kachelewa! Wakaletwa askari, wakapokewa kama wageni. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa waliwalisha siku 12, na jembe hawaku—"

Jiwe likacheza.

Mguu wa kulia ukaondoka bila kuaga. Wa kushoto ukabaki kulinda heshima. Nikapanuka taratibu kama mkasi, mkono wa sambusa juu, macho yamemtoka shemeji, simu yake imetulia tuli. Suruali ikasema *chraaa*. Nikapata hata nafasi ya kuwaza: nikae upande gani? Kijito kikaamua. Pwaa! Maji ya mlima hayana utani, ndugu zangu. Yaliingia mahali ambapo hata mvua za masika hazijawahi kufika.

Mfuko ukaanza safari ya kuufuata Mto Coe.

Nilimalizia historia meno yakigongana: alfajiri ya Februari 13 wenyeji 38 hivi waliuawa na wageni wao, wengine wakafa kwa baridi wakikimbilia milimani. Nani alisikiliza? Watu walikuwa wanakimbiza sambusa. Zikaokolewa 3.

Kurudi garini nilijifunga shuka kiunoni, na usubi wa kule, wadogo kama chembe za pilipili manga iliyosagwa, wakapapata pale suruali ilipochanika.

Tangu jana kwenye kundi la familia naitwa Jembe. Na si kwa sifa.